Rehani ya Kesho: Deni la Matumizi na Mafundisho ya Kikristo katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, alikwenda kukaa na wakulima wa Kigiriama upande wa Kaloleni, na aliyoyaona huko akayatolea kitabu mwaka 1972. Minazi ilikuwa ikihama mikono. Mtu akifiwa, au mwanawe akitaka kuoa, alihitaji fedha za haraka: mahari, mbuzi wa kuchinja, unga wa kulisha waliokuja kuhani, tembo la wageni. Alikwenda kwa jirani mwenye uwezo, akapewa fedha mbele ya wazee, naye akaweka minazi yake rehani. Tangu siku hiyo mazao ya minazi ile yakawa ya mkopeshaji mpaka deni liishe. Hapo ndipo penye mtego. Mwenye minazi kumi na mitano aliyeweka rehani kumi alibaki na mitano, na kwa hiyo mitano alitakiwa ale, asomeshe, na bado apate za kukomboa ile kumi. Wengi walishindwa. Wazee wakaitwa tena, safari hii kushuhudia mauzo.

Minazi hiyo haikupotea kwa uvivu. Ilipotea kwa kutafuta heshima: kuzika kama inavyotakiwa, kuoza kama inavyotakiwa, kutoaibika mbele ya ukoo. Chakula cha hanga, yaani matanga ya Kigiriama, kililiwa kwa siku chache, malipo yakachukua miaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kaloleni hata matanga yenyewe yalikopewa.

Mhadhara huu unashika hoja moja. Watu wanapozungumzia hatari ya deni la matumizi huitazama riba, na riba kweli inauma. Lakini swali la kwanza la kumuuliza mkopaji ni hili: ameweka nini rehani? Anayekopa kwa ajili ya kula leo akatoa kama dhamana kile kitakachomlisha kesho, amekwisha kuiuza kesho yake kabla haijafika. Katika pwani ya Kilifi na Malindi kitu hicho kimebadilika sura kila kizazi, na Biblia ina sheria za wazi juu ya jambo hilohilo ambazo makanisa huzihubiri mara chache sana.

Kutoka mtoto hadi mnazi

Kabla ya minazi, walikuwapo watoto. Katika njaa kubwa ya mwaka 1884 familia za Kimijikenda zilizokosa nafaka ziliweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula, kwa ahadi kwamba mvua ikinyesha na mavuno yakipatikana watawarudia. Baadhi yao walirudiwa. Wengine hawakurudiwa kamwe, wakaishia kuuzwa utumwani. Mzazi aliyempeleka mwanawe hakuwa katili. Alikuwa akiokoa wale wengine waliobaki nyumbani. Deni la njaa humfikisha mtu mahali ambapo kila uamuzi una hasara, na hasara kubwa humwangukia asiyeulizwa.

Wakristo wa Rabai waliyajua mambo haya kwa karibu. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa wameanzisha misheni pale mwaka 1846, na miaka ya baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Wenye mashamba walipodai watumwa wao warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana nao kuwalipa dola 25 kwa kila mtu. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walianza kupewa hati za uhuru. Kampuni ilikuwa na sababu zake: ilitaka amani na wenye mashamba ili biashara iende. Hata hivyo sehemu ya fedha ilitoka kwa wamisionari na marafiki zao, na kanisa la pwani tangu mwanzo wake likabeba kumbukumbu ya watu waliolipiwa na wengine gharama ambayo wao wenyewe wasingeiweza.

Kumbukumbu hiyo ina uzito leo, kwa sababu rehani haijaisha.

Mkopo usiohitaji mashahidi

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, na kuanzia hapo Mkenya mwenye laini ya M-Pesa akaweza kukopa bila kumwona mtu yeyote. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mtu kulipa hata kama salio lake halitoshi. Mkopo uliokuwa ukihitaji wazee wa kushuhudia, siku ya kukutana na aibu ya kuomba, sasa huchukuliwa na mtu peke yake, saa tano usiku, chini ya neti.

Urahisi huo umesaidia wengi, na kuukana ni kukosa haki. Mama wa Ngomeni ambaye mtoto wake ana homa usiku hana benki ya kugonga mlango. Lakini hesabu zake zinafaa kuwekwa mezani. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 2,000 hiyo ni shilingi 150, na anayeisikia huiona ndogo. Akikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya shilingi 1,800 kwa ajili ya zile 2,000, na mwisho wa mwaka bado anazidaiwa. Kwa viwango vya Fuliza vilivyoanza Oktoba 2022, mwenye deni la shilingi 1,000 hulipa ada ya asilimia 1, hupewa siku tatu za mwanzo bure, kisha hutozwa shilingi 6 kila siku. Likikaa siku 30 limefika 1,172, bila kuhesabu ushuru. Mfuko wa Hasla, uliozinduliwa Novemba 30 mwaka huohuo wa 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 1,000 kwa siku 14 huzaa riba ya kama shilingi 3. Tofauti ni kubwa mno, na wakopaji wengi hawajawahi kuandikiwa hesabu hizi pamoja kwenye karatasi moja.

Kasi ndiyo inayoumiza kuliko kiwango. Mfanyakazi wa hoteli Watamu hulipwa vizuri wageni wakijaa Desemba na Januari. Ifikapo Mei, mvua na upepo wa kusi vikianza, hoteli nyingine hufunga na wafanyakazi hupewa likizo bila malipo. Ndiyo miezi ya kukopa. Anachukua wa kwanza kulipa kodi ya nyumba, wa pili kulipa wa kwanza, wa tatu kununua unga. Agosti akiitwa kazini, mshahara unaingia kwenye simu na kukatwa siku hiyohiyo kabla hajauona. Ameanza msimu mpya akiwa nyuma.

Na wasiolipa? Uchunguzi wa shirika la MicroSave uligundua kwamba Wakenya milioni 2.7 walikuwa wameorodheshwa vibaya kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo (CRB) ndani ya miaka mitatu, na kwa watu 400,000 kati yao deni lenyewe halikufika shilingi 200. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazuia kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000. Novemba 2022 ikaanzisha mpango wa kusafisha majina, ikisema wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4.2 wangenufaika, na wakopeshaji wakatakiwa kupunguza angalau nusu ya madeni hayo yaliyoshindikana. Hapo sura mpya ya rehani inaonekana wazi: jina. Kijana wa Kilifi aliyeshindwa kulipa kidogo alijikuta hawezi kupata mkopo wa maana wa kununua mashine ya kushonea au ng'ombe wa maziwa.

Wapo waliochukua zaidi ya jina. Programu kadhaa za mikopo zilikuwa zikijichotea orodha yote ya watu walio kwenye simu ya mkopaji. Siku ikipita, meseji zikaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa kwaya: fulani ni mdaiwa, mwambieni alipe. Malalamiko yalizaa sheria iliyotiwa saini Desemba 2021, na kanuni za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni ya Benki Kuu, zikapiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu wa mdaiwa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga kampuni moja ya aina hiyo faini ya karibu shilingi milioni 3.

Mkopeshaji asimame nje

Msomaji wa Biblia anayefika kwenye mambo haya anaweza kuchukua aya moja ya Mithali, ile inayomwita mkopaji mtumwa wa mkopeshaji, akamaliza mahubiri. Ukweli wake haukatai mtu. Lakini Torati ilitungwa kwa watu waliokuwa wakikopa kwa sababu ya njaa, na badala ya kuwakaripia maskini, ilianza kwa kumfunga mikono mwenye nacho.

Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe moja bila lenzake halisagi, na nyumba isiyosaga hailali na kitu tumboni. Sura hiyohiyo inamwamuru mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mkopaji kujitwalia rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinataka vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua, maana maskini hana kingine cha kujifunika.

Sheria hizo tatu zikipelekwa kwenye steji ya bodaboda mjini Malindi zinasomeka kama zilizoandikwa jana. Pikipiki ya mkopo ndiyo jiwe la kusagia la kijana. Chukua hesabu ya kuonyesha tu: amana ya shilingi 20,000, kisha 400 kila siku kwa siku 540. Jumla ni 236,000, na ndani ya siku hizo hakuna nafasi ya malaria, ya mvua ya wiki nzima, wala ya tairi kupasuka. Akilala kitandani wiki moja amerudi nyuma shilingi 2,800. Pikipiki imefungwa kifaa cha kuonyesha ilipo, hivyo kuipata si kazi. Inakwenda yadi, na kijana anadaiwa huku ameondolewa chombo pekee ambacho kingemwezesha kulipa. Mkopo huu ulianza kama mkopo wa kazi, na kwa kweli ni bora kuliko kukopa kwa ajili ya kula. Unageuka pale mapato ya siku yanapokopewa tena, kwenye simu, ili kufikisha zile 400.

Simu nazo zimeingia utaratibu huohuo. Julai 2020 Wakenya walianza kuweza kuchukua simu ya kisasa kwa amana ya shilingi 1,000 na malipo ya shilingi 20 kwa siku; usipolipa, inajifunga. Kwa mama anayepokea oda za samaki kwa simu, kufungiwa simu ni kufungiwa duka.

Na ule mkono uliojichotea majina ya watu ndani ya simu ya mdaiwa, Torati ilikwisha kuusimamisha mlangoni. Mkopeshaji akae nje. Heshima ya mkopaji si sehemu ya dhamana.

Tajiri wa bandarini

Kuna deni jingine lisilo na programu wala leseni, la zamani, na linaonekana alfajiri yoyote mashua zinapoingia Mayungu au Ngomeni. Mvuvi anatia pwani, samaki wanapimwa, na kabla ya bei kutajwa daftari linafunguliwa. Limo petroli ya juzi, wavu wa mwezi uliopita, barafu, unga uliopelekwa nyumbani bahari ilipochafuka. Mwenye daftari ni tajiri, na samaki wanauzwa kwake, kwa bei yake, ambayo iko chini ya ile ambayo mvuvi huru angepata hatua mia moja kutoka pale. Riba haiandikwi popote. Imo ndani ya bei.

Miezi ya kusi ndiyo inayojaza daftari hilo, na kaskazi ndiyo inayotakiwa kulipunguza. Kaskazi ikiwa mbaya, deni la mwaka huu linalala juu ya la mwaka jana. Mvuvi mwenye nguvu na maarifa ya bahari anazeeka bila kuwa na wavu wake. Si haki kumwita kila tajiri mnyonyaji. Yapo matanga yaliyolishwa na matajiri hao na watoto waliosomeshwa nao. Lakini mvuvi ameweka rehani uhuru wa kuuza samaki wake, na hata deni likipungua, uhuru huo haurudi wenyewe.

Nehemia alikutana na jambo la namna hii Yerusalemu. Sura ya 5 ya kitabu chake inasimulia watu waliolia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba wana na binti zao wanatiwa utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika, kisha akafanya mambo mawili ambayo viongozi wengi wa dini huyakwepa. Alikiri hadharani kwamba hata yeye na watu wake walikuwa wakikopesha. Halafu akawataka wakopeshaji warudishe mashamba siku hiyohiyo, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza, akawaita makuhani wawaapishe. Kaloleni mashahidi waliitwa kuthibitisha mali inaondoka. Nehemia aliwaita kuthibitisha inarudi.

Kanisa lianze nyumbani mwake

Makanisa ya Kilifi na Malindi yakitaka kusema juu ya madeni ya watu, yana mambo manne ya kuangalia kwanza ndani ya kuta zake.

La kwanza ni gharama za mazishi na harusi. Parkin aliona jambo la kushangaza Kaloleni. Baadhi ya wakulima waliofanikiwa kulimbikiza minazi walikuwa wamesilimu baada ya waganga kuwaambia kwamba pepo wanaowasumbua ni wa Kiislamu, na hali hiyo ikawapa ruhusa ya kukaa mbali na tembo na karamu za jirani zao bila kuonekana wachoyo. Somo lake kwa Wakristo ni zito. Mtu mmoja hawezi kukataa gharama ya mila peke yake; ataitwa bahili, au mbaya zaidi, atashukiwa uchawi. Anahitaji kauli ya kundi. Jamaa ya waumini ikikubaliana kwamba mazishi ya mshiriki wake yatakuwa na chakula cha namna hii, siku hizi, bila muziki wa kukodi, mfiwa anapata maneno ya kuwajibu wajomba: ndivyo tulivyokubaliana kanisani.

La pili ni udhamini. Mithali sura ya 6 na ya 22 zinamwonya vikali anayejifunga kwa deni la mwingine, asije akanyang'anywa hata kitanda. Katika Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, mdhamini huweka akiba yake nyuma ya mkopo wa mwenzake. Mkopaji akitoroka, akiba hiyo inakatwa. Walimu wengi wanalijua hilo kwa uchungu. Mkristo anayeombwa kudhamini kwa jina la ushirika wa kanisa ana haki ya kuuliza mkopo ni wa nini na hati ya mshahara inasemaje. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Anayeomba mdhamini ili apite mpaka huo kwa mlango wa nyuma hasaidiwi kwa kupewa saini.

La tatu ni harambee na sadaka. Yesu aliwakemea waliotenga mali kwa Mungu wakawaacha wazazi wao bila msaada. Mshiriki anayekopa kwenye simu ili ahadi yake isomwe mbele ya watu ametoa kisicho chake, na mchungaji anayewaambia wenye madeni wapande mbegu ya fedha ili madeni yafutwe anawaongezea mzigo. Nabii Amosi, sura ya 2, aliwalaumu watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya mavazi ya rehani. Mchango mnono wa mtu anayeshikilia kadi za benki za wafanyakazi, pamoja na namba zao za siri, mpaka mwisho wa mwezi, ni vazi la namna hiyo.

La nne ni aibu. Katika 2 Wafalme sura ya 4 mjane anamlilia Elisha: mume wake, mtu mcha Mungu, amekufa na deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili. Elisha hamuulizi kwa nini walikopa. Anamuuliza ana nini nyumbani. Chupa ya mafuta. Majirani wanaombwa vyombo, mafuta yanauzwa, deni linalipwa kwanza, na yanayobaki yanakuwa chakula cha mama na wanawe. Muujiza ulimpata baada ya kusema. Leo wapo watu wanaohama mtaa, wanaobadilisha laini ya simu, na wengine wanaokata tamaa ya kuishi, kwa sababu hawana mahali pa kusema.

Kukopeshana bila kulana

Ukristo una historia ya kujenga, si ya kuonya tu. Mwaka 1462, mjini Perugia nchini Italia, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko walianzisha nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani na gharama ndogo, ili wasikimbilie kwa walanguzi wa fedha. Waitalia ni wageni waliozoeleka Malindi, na Jimbo Katoliki la Malindi, lililoanzishwa mwaka 2000, lilipata askofu wake wa kwanza, Francis Baldacchino wa Malta, kutoka Wakapuchini, tawi la ukoo huohuo wa Fransisko.

Mfano wa pili unaigusa Rabai kwa njia nyingine. Majira yaleyale Krapf na Rebmann, Wajerumani wawili, walipokuwa wakijenga Rabai, kwao Ujerumani kulikuwa na njaa. Katika baridi ya 1846 na 1847 meya kijana wa Weyerbusch, Mkristo wa Kiprotestanti aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliwakusanya wenye uwezo wanunue unga, waoke mikate na kuwakopesha wakulima. Mwaka 1864, kule Heddesdorf, alianzisha chama ambamo wakulima wenyewe waliweka akiba na kukopeshana. Wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa vyama vya akiba na mikopo duniani, hata Sacco za Kenya, kama Imarika ambayo chimbuko lake ni chama cha walimu wa Kilifi.

Tofauti inaonekana kwenye hesabu. Sacco nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua. Aliyekopa shilingi 12,000 akazilipa kwa miezi kumi na miwili kwa mafungu sawa ya mtaji atalipa riba ya shilingi 780. Anayezikopa hizohizo kwa ada ya asilimia 7.5, akazirudisha na kuzikopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, atalipa 10,800. Hiyo 10,020 ya katikati ni karo ya mtoto. Majirani Waislamu, ambao dini yao imekataza riba moja kwa moja, wana desturi ya mkopo mwema usio na nyongeza, na hakuna kinachowazuia Wakristo wa mtaa mmoja nao kuwa na mfuko wa dharura unaorudishwa ulivyo.

Kwa aliye ndani ya deni tayari, mashauri ya kufuata ni machache na yana mpangilio. Aandike madeni yote kwenye karatasi moja, hata ya duka la mtaani, na amwonyeshe mwenzi wake wa ndoa. Madeni mengi ya simu hukua kwa sababu ya kufichwa. Aache kukopa wa kulipia mwingine. Alipe kwanza linalotishia chombo cha kazi, kisha lenye ada kubwa. Awaendee wadai kabla hawajamwendea, kwa kuwa aliyejitokeza mwenyewe hupewa muda kwa urahisi zaidi. Ajue haki zake: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, hakiruhusu riba ya mkopo wa benki ulioshindikana kuzidi mtaji uliobaki siku uliposhindikana. Sheria ya Ufilisi ya 2015 nayo ina utaratibu kwa asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ambao baada ya miezi kumi na miwili unaweza kumwachilia. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 iliweka mwaka wa saba kuwa wa kuachilia madeni. Bunge la Kenya, kwa njia yake, limefungua mlango unaofanana na huo, na wanaoujua ni wachache.

Kwa ambaye bado hajakopa, Luka sura ya 14 inatosha kuanzia: yule mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu huko kwa mfanyakazi wa hoteli ni kuweka fedha za Desemba kwa ajili ya Mei. Kwa mvuvi ni kutenga kidogo kila kaskazi, pamoja na wenzake watano, mpaka wavu wa kikundi ununuliwe. Kwa mwenye pikipiki ni kuwa na malipo ya wiki mbili pembeni kabla ya kutia saini.

Kazi ya kanisa baada ya haya inaweza kuanza mwaka huu bila mfadhili. Kanisa moja la Kaloleni, jamaa moja ya waumini wa Mayungu na kundi moja la akina mama wa Kilifi mjini wakubaliane kiwango cha juu cha gharama za hanga, wafungue mfuko wa dharura kwa michango midogo ya kila Jumapili, na wateue watu wawili wanaoaminika, mmoja wao mwanamke, ambao mwenye deni anaweza kuwaendea kwa siri. Mwisho wa mwaka katibu awasomee washiriki mambo matatu: familia ngapi zilizika bila kukopa, pikipiki ngapi zilitolewa yadi, na mfuko umebaki na kiasi gani.